Habari Mbaya Inapanda Ngazi Ngapi?

(Hotuba niliyoitoa mbele ya wafanyabiashara, wenye viwanda vidogo na wasimamizi wao hapa Mwanza. Nimeiandika kama nilivyoisema, kwa ajili ya waliokuwa safarini na waliokosa viti.)

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mliotutangulia, kina mama, kina baba na vijana: mwangaluka!

Ahsanteni. Wa mbele mmeitikia vizuri. Wa kule nyuma mmeitikia kama watu waliofuata chai, lakini tutafika wote.

Nimeombwa nizungumzie utamaduni na muundo wa kampuni, na jinsi vinavyoinua au kuangusha biashara. Mtu akisikia maneno hayo anafikiri ni habari za migodi ya Geita, za ofisi zenye ghorofa na kadi za kufungulia milango. Sivyo. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Nyakato, mwenye vijana wanne na karani mmoja, ana utamaduni na ana muundo, apende asipende. Muundo ni nani anaripoti kwa nani, nani anashika pesa, nani anaruhusiwa kuamua nini bila kuuliza. Utamaduni ni yale watu wako wanayoyafanya ukiwa umeshapanda basi la Dar. Tofauti ni moja tu: kuna walioviunda kwa makusudi, na kuna ambao vimejiotea vyenyewe kama magugu.

Vyote viwili leo nitavipima kwa swali moja. Katika biashara yako, habari mbaya inapanda ngazi ngapi kabla ya kumfikia mtu mwenye uwezo wa kuchukua hatua? Na ikimfikia, inafika nzima, au imeshapunguzwa makali njiani?

Nianze na samaki, maana tupo Mwanza, na asiyetaja samaki hapa anaonekana mgeni.

Niliwahi kufanya kazi idara ya utumishi ya kiwanda kimoja cha minofu ya sangara. Jina la kiwanda liacheni. Usiku mmoja gari la wakala linaingia, milango inafunguliwa, barafu nusu yake imekuwa maji. Mapokezi kuna binti wa ubora, gambuti nyeupe, kofia ya wavu kichwani. Anachukua sangara mmoja, anafunua shavu aone kama bado ni jekundu. Anabonyeza nyama kwa kidole gumba aone kama inarudi. Anachoma kipimajoto mpaka katikati ya mnofu. Samaki aliyehifadhiwa kwenye barafu anatakiwa akaribie nyuzi 0. Kile kilisoma 11. Akaandika kwenye fomu: mzigo ukataliwe.

Ile fomu haikwenda kwa mkurugenzi. Ilikwenda kwa msimamizi wa zamu, aliyeipeleka kwa meneja wa uzalishaji. Na meneja wa uzalishaji, jamani, analipwa bonasi kwa tani. Ana oda ya kujaza, ana vibarua wamesimama na visu mikononi, simu inaita. Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Alisema: "Pokeeni, changanyeni na ule wa jana." Wala hakuwa mtu mbaya. Msibani kwetu alikuwa wa kwanza kufika.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana hapa ndipo utamaduni unapozaliwa. Yule binti hakugombana na mtu. Hakuacha kazi. Ila tangu usiku ule hakuandika tena "ukataliwe". Aliandika "wastani". Shavu la kijivu, wastani. Nyama inayobonyea kama ugali wa jana, wastani. Wenzake wa zamu nyingine wakaliona neno hilo, wakalipenda, wakalichukua. Ukifungua majalada ya miezi ile utadhani samaki wote wa Ziwa Viktoria ni mapacha.

Baadaye mteja wa nje akarudisha mzigo. Mkurugenzi akaitisha kikao, akapiga meza: "Kwa nini hamkuniambia?" Aliambiwa! Aliambiwa usiku, kwa maandishi, na mtu aliyemwajiri yeye mwenyewe kwa kazi hiyohiyo ya kumwambia. Lakini kati ya mdomo wa yule binti na sikio la mkurugenzi palikuwa na watu kadhaa, na kila mmoja alikuwa na sababu yake nzuri ya kunyamaza.

Walirekebishaje? Hawakununua mashine, na hawakufukuza mtu. Walifanya mambo mawili. Idara ya ubora iliondolewa chini ya uzalishaji, ikawa inaripoti kwa mkurugenzi moja kwa moja. Na bonasi ya uzalishaji ikaanza kuhesabiwa kwa tani zilizokubaliwa na mteja, siyo zilizopita kwenye meza ya kukatia. Hayo ndiyo mambo ya muundo, yanaandikika kwenye karatasi moja.

Lakini karatasi ile ilikaa wiki nzima bila kumgusa mtu. Kwa nini? Kwa sababu wote walikuwa wanasubiri kuona. Wa kwanza atakayeutumia mlango huu mpya atafanywaje? Ndipo gari jingine likaja, binti yuleyule, kipimajoto kilekile, akaandika "ukataliwe" kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Mkurugenzi akashuka mwenyewe mpaka mapokezi, akasoma fomu, akamgeukia wakala: "Umesikia alichosema. Geuza gari." Maneno manne. Alirudi kulala. Kabla ya mwezi kuisha mawakala walikuwa wanakuja na barafu ya kutosha mpaka inamwagika barabarani.

Mnaona vinavyoshikana? Muundo unaweka njia. Utamaduni unatokana na kilichompata mtu wa kwanza kupita katika njia hiyo. Ukijenga njia halafu wa kwanza akaumizwa, njia itaota majani.

Na hili si jambo la kiwanda kimoja. Wazee mnakumbuka mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa letu kwa hofu ya sumu iliyokuwa ikitumika kuvulia. Wachache walimwaga sumu majini, na nchi tatu zikafungiwa soko: sisi, Kenya na Uganda. Waliofanya walikuwa wanajulikana kwenye mialo yao. Mvuvi wa jirani alijua. Angemwambia nani, na huyo aliyeambiwa angekuwa na mamlaka gani? Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi tulivyonavyo leo kwenye mialo vinajaribu kujibu swali hilo, vingine vizuri, vingine kwa kusuasua.

Tunapenda kusema samaki huanza kuoza kichwani. Msemo mzuri wa kumlaumia bosi. Lakini nendeni Kirumba Mwaloni mkamuulize mama yeyote anayepasua samaki. Atawaambia anaanzia tumboni na kwenye mashavu. Kichwa kinaweza kuonekana kizima kabisa. Na kampuni nyingi nilizozipitia zimeozea tumboni, pale kwa wasimamizi wa kati, waliobanwa na lawama za juu na manung'uniko ya chini, wakajifunza kuandika "wastani". Bosi anang'aa, anatoa hotuba za mwisho wa mwaka, hana habari.

Mtu ataniambia: dada, wewe unazungumza hivyo, huwajui wafanyakazi wa siku hizi. Wavivu, wezi, wanakimbilia simu. Tatizo ni watu.

Ni watu kweli? Twendeni Marekani kidogo. Mji wa Fremont, jimbo la California, kampuni ya General Motors ilikuwa na kiwanda cha magari kilichosifika kwa ubaya. Utoro ulifika asilimia 20, yaani katika kila watu watano mmoja haonekani. Watu walikunywa kazini. Magari yalitoka na kasoro, na sheria ya kwanza ya kiwanda ilikuwa kwamba mstari wa kuunganishia magari hausimami kwa sababu yoyote. Mwaka 1982 wakakifunga. Mwaka 1984 kikafunguliwa upya kwa ubia na Toyota ya Japani, kikaitwa NUMMI, na wafanyakazi walioitwa walikuwa kwa sehemu kubwa walewale wa zamani, pamoja na chama chao kilekile cha wafanyakazi. Walewale! Kilichobadilika ni namna ya kazi. Wakagawanywa katika timu ndogo. Na juu ya kila sehemu ya kazi ikafungwa kamba: ukiona kasoro, vuta. Kiongozi wa timu anakuja mbio kukusaidia, na kama haijatatuliwa mstari unasimama. Mfanyakazi wa kawaida, kwa mkono wake, anasimamisha kiwanda cha mamilioni ya dola.

Haukupita muda, magari ya kiwanda kile yakawa miongoni mwa bora kabisa ndani ya General Motors, na utoro ukaporomoka.

Kisha ikaja sehemu ninayoipenda zaidi. General Motors walitaka kupeleka mtindo ule kwenye viwanda vyao vingine, na iliwachukua miaka mingi kuliko walivyotegemea. Kuna mahali kamba zilifungwa kama kawaida, lakini aliyeivuta aliulizwa kwa ukali kwa nini anachelewesha kazi. Nani angeivuta tena? Kamba iliyopo na haivutwi ni mapambo. Wangapi hapa mna sanduku la maoni pale mlangoni lenye utando wa buibui? Msinyooshe mikono.

Ndugu zangu, nitasema jambo zito kidogo, na nalisema kwa heshima maana katika ukumbi huu wapo waliofiwa. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 100. Waliofariki peke yao walikuwa 228. Waliokufa tu ni zaidi ya mara mbili ya waliotakiwa kuwemo. Tangu gatini watu walikuwa wanaona kimejaa. Siwezi kusimama hapa nikahukumu nani alikosa nini. Yapo mamlaka ya kufanya hivyo. Mimi nauliza swali la mtu wa utumishi: kwenye sehemu yako ya kazi, yule mtu wa chini kabisa anayeona kwamba kimejaa, ana ruhusa ya kusema hatuondoki? Na akisema, kweli hamtaondoka? Kama jibu lako limeanza na "inategemea", hana ruhusa.

Sasa turudi nchi kavu, kwenye pamba. Hapa nitakaa kidogo, maana hii ni hadithi yetu, na vijana wengi hawaijui.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mkulima wa Usukuma anabeba pamba yake mpaka kwa mnunuzi, anapimiwa, anaambiwa kilo ambazo hazifanani na mzigo uliomvunja mgongo. Mizani ni ya mnunuzi, macho ni ya mnunuzi. Wakulima wakafanya nini? Wakaweka wapimaji wao wenyewe, wahakiki uzito. Jambo dogo tu, mizani ya pili. Kutoka hapo, kijana mmoja akiitwa Paul Bomani na wenzake wakazunguka vijiji wakiunganisha vyama vya wakulima, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika la Viktoria. Kufikia mwisho wa muongo ule, pamba ya Jimbo zima la Ziwa ilikuwa inanunuliwa na wakulima wenyewe kupitia vyama vyao, na wakaanza kumiliki viwanda vya kuchambulia. Lilikuwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya ushirika katika Afrika nzima. Bomani akaja kuwa Waziri wa Fedha. Watu wasiokuwa na mtaji, hapahapa!

Nini kiliwapa nguvu? Mkulima alimjua mpimaji. Akipunjwa, alijua nyumba ya kwenda kupiga hodi jioni ileile. Habari mbaya ilipanda ngazi moja.

Kisha shirika likakua, na kukua si dhambi. Kukawa na chama cha msingi, juu yake muungano wa vyama, juu yake shirikisho, juu yake bodi. Kila ngazi ina karani wake, ofisi yake na makato yake. Viongozi wakaanza kuchaguliwa kwa sababu za siasa. Na malalamiko yaliyozaa ushirika, ya mizani na ya malipo pungufu, yakarudi, safari hii yakielekezwa kwa makarani wa ushirika wenyewe. Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati ya kuchunguza vyama nchi nzima, ikakuta wanachama wasiojua haki zao, watumishi wasio na ujuzi, na siasa zinazoingilia kazi. Mwaka 1976 miungano ya ushirika ikafutwa kabisa, mazao yakashikwa na mamlaka za Serikali. Sheria ya kuirudisha ikatungwa mwaka 1982 na miungano ikaanza tena mwaka 1984, lakini wakulima walikuwa wameshakopwa pamba vya kutosha, na imani haitungiwi sheria.

Wapo wanaosema ushirika ulikufa kwa wizi. Wizi ulikuwepo. Lakini mimi naona wizi huja mwishoni, kama nzi. Kwanza huongezeka umbali kati ya anayepunjwa na anayeamua. Mwizi anahitaji umbali huo ili afanye kazi yake kwa raha. Kwa hiyo ndugu yangu unayefungua tawi la pili Geita na la tatu Bukoba, kabla ya kuchapisha bango, niambie: mteja wa Bukoba akipunjwa, atapiga hodi wapi?

Mkitaka kuona muundo uliotulia, msiende mbali. Nendeni kwenye vikoba vya kina mama. Ndiyo, pigeni makofi, wanastahili. Sanduku la chuma, kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu tofauti, na anayetunza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Pesa zinahesabiwa katikati ya duara, kwa sauti, kila mtu akisikia. Ukichelewa, faini, hata kama wewe ni mwenyekiti. Ukimuuliza mama mmoja kama kufuli tatu zina maana hawaaminiani, atakushangaa. Wanaaminiana, ndiyo maana hawataki mwenzao alale na majaribu. Kuna kampuni zenye wahasibu wa chuo kikuu ambazo aliyeagiza mzigo, aliyeupokea stoo na aliyelipa ni mtu mmoja. Na tajiri anamsifia: "Huyu namwamini kama mdogo wangu." Labda ni mdogo wake kweli!

Hapo nimegusa penyewe. Biashara zetu nyingi zina miundo miwili. Upo ule wa ukutani, wenye visanduku na mishale. Na upo wa kweli, ambao kijana wa stoo anaujua siku yake ya tatu: kwamba shemeji wa tajiri haandikiwi barua ya onyo. Meneja anaweza kuwa na shahada mbili. Shemeji akipiga simu nyumbani, uamuzi wa meneja unageuka kabla ya saa sita. Sisemi usiajiri ndugu. Biashara gani ya Mwanza haikuanza na ndugu? Nasema mpe cheo kinachojulikana, mshahara unaojulikana, na bosi anayejulikana. Kama ni karani, awe karani mpaka jioni. Ushemeji uanze mezani, wakati wa kula.

La mwisho fupi, kuhusu wateja. Mwaka 1968 mtaalamu mmoja wa kompyuta wa Marekani, Melvin Conway, aliandika kwamba chochote kinachobuniwa na taasisi hufanana na namna watu wa taasisi hiyo wanavyowasiliana. Alikuwa anazungumzia mifumo ya kompyuta. Lakini mmeshawahi kuingia ofisi mkaambiwa nenda dirisha la pili, la pili linakutuma la tano, la tano linataka muhuri wa la pili? Yale madirisha hayaongei, ndiyo maana unatembea wewe. Mteja wako akizunguka sana, usimlaumu binti wa mapokezi. Angalia ni mameneja gani hawasalimiani.

Mtaniuliza tuanzie wapi. Keshokutwa Jumatatu, kabla ya kupandisha bendera za mikakati, mtafute mtu anayelipwa kidogo kuliko wote kwako: mlinzi wa usiku, kibarua wa kupakia, binti wa usafi. Mwulize: ni jambo gani hapa kila mtu analijua isipokuwa mimi? Atasema hakuna. Bila shaka atasema hakuna, hajui utamfanyaje. Mwulize tena wiki ijayo. Siku atakayokuambia, usitafute nani alimtuma, na usimtaje kwenye kikao. Tengeneza lile jambo, mapema, kwa namna ambayo yeye ataona. Halafu uangalie wangapi watakuja wenyewe wiki inayofuata.

Na wewe msimamizi wa kati, uliyekaa hapa kimya ukiomba nisikutaje, anza na fomu zako. Tafuta zina "wastani" ngapi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimemwona pia yule mama wa safu ya nyuma, amenyoosha mkono tangu nilipotaja shemeji. Mpeni kipaza sauti. Karibu mama.